Maswali Yanayozama

Bahari ya Bering haikimezi kijiji kwa mkupuo, hukimega. Karibu na Quinhagak, kusini-magharibi mwa Alaska, inaimega Nunalleq, makazi ya kale ya Wayup'ik yaliyovamiwa na kuteketezwa vitani katika karne ya 17. Ardhi iliyoganda ilifunika magofu yale kwa zaidi ya miaka 300, ikatunza hata vinavyooza upesi: vikapu vya nyasi, wanasesere wa mbao, vinyago vya ngoma, nywele zilizokatwa zikaachwa sakafuni. Sasa barafu ya ardhini inayeyuka, na ukingo hauna tena cha kuushikilia.

Tangu 2009, wenyeji na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberdeen wamekuwa wakichimba wakishindana na mawimbi. Maelfu kwa maelfu ya vitu yamepatikana, nayo yanatunzwa Quinhagak kwenyewe, katika kituo kilichofunguliwa 2018. Baadhi vimepigwa picha kutoka kila upande, kisha programu ikaziunganisha kuwa umbo la pande tatu, hata mtoto anaweza kukigeuza kinyago kwenye kompyuta bila hofu ya kukivunja. Siibezi kazi hiyo. Mbao ikitoka kwenye barafu huanza kukauka na kupasuka. Huenda sura yake ya siku ile ikabaki katika picha hizo tu.

Lakini picha hujibu kile alichouliza mpigaji. Zile nywele, zilipopimwa kikemia, zilieleza walichokula wenyewe: samoni, sili, kulungu wa kaskazini. Picha ya unywele, iwe kali namna gani, isingesema hayo. Kitu chenyewe hubeba majibu ya maswali ambayo bado hayajaulizwa. Nakala hubeba ya kwetu tu.

Oktoba 2025 mabaki ya Kimbunga Halong yaliupiga ukingo ule, yakatapanya vitu ufukweni. Watu walishuka kuokota. Vilivyozama havikuwahi kuonwa na yeyote aliye hai. Havina nakala wala jina. Tumezoea kumlilia tuliyemjua, na msiba wa tusichokijua hauna matanga. Labda ndiyo maana tunazing'ang'ania picha: angalau zinatupa cha kutazama.

Basi tuzipige, tena nyingi, ila tusijidanganye kwamba tumeokoa. Fedha ikiwa haba, itangulie kwenye koleo na dawa ya kuhifadhi mbao, kamera ifuate.