Sakafu Kabla ya Epoksi

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, mwandishi wa tawasifu hii amekuwa fundi wa sakafu jijini Dar es Salaam, na kazi iliyomchukulia muda mwingi zaidi si ile inayoonwa na wateja, yaani kumimina epoksi yenye rangi na kuisambaza kwa rola, bali ile inayoitangulia, ya kuliandaa zege la gereji mpaka liwe tayari kuipokea. Epoksi huja katika makopo mawili, moja la utomvu wa viwandani na jingine la kigumishi, ambavyo vikichanganywa huungana kikemikali na kuwa kitu kimoja kigumu kisichoyeyushwa na mafuta ya injini. Ugumu huo ndio unaowavutia wenye gereji, lakini epoksi, iwe bora namna gani, haiwezi kudumu kuliko tabaka la zege iliyoshikamana nalo.

Tabaka hilo, katika sakafu nyingi za jiji hilo, ni niru, yaani saruji tupu inayopakwa juu ya zege na kusukumwa kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Mwandishi aliingia katika ufundi kwa kujifunza kupiga niru, na hadi leo anaiona kuwa kazi ya heshima katika sebule na vibaraza. Hata hivyo, ujuzi wake wa baadaye ulimtaka aondoe kile alichofundishwa kuweka. Niru huziba vinyweleo vya zege, nayo epoksi huhitaji vinyweleo hivyo ili izame na kushika. Gari linapoegeshwa likiwa na matairi ya moto, mpira hung'ang'ania rangi unapopoa, na gari likiondoka rangi hubanduka. Kipande kilichobanduka kikigeuzwa, upande wake wa chini huonekana umejaa unga wa kijivu, ushahidi kwamba epoksi ilishika barabara na kilichoachia ni saruji.

Kuna njia mbili zinazotumika zaidi kuondoa ngozi hiyo. Ya kwanza ni asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, ambayo daima humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa sababu mchanganyiko huweza kuchemka ghafla na kumrukia fundi. Mwandishi aliiacha njia hiyo mapema, kwa kuwa asidi haigusi zege lililonywa mafuta, na kuisuuza huongeza maji katika sakafu inayotakiwa kukauka. Ya pili, anayoipendekeza bila kusita, ni mashine ya kusaga yenye meno ya almasi, iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, kwani vumbi la zege lina silika, madini yanayosababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Madoa ya mafuta huoshwa kwanza kwa sabuni kali ya kuondoa grisi, la sivyo mashine huyatawanya. Sakafu iliyosagwa vizuri hukwaruza kiganja kama msasa, na tone la maji likidondoshwa juu yake hunywewa badala ya kusimama.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, hutoka chini. Katika maeneo ya bondeni karibu na bahari, maji ya ardhini hayako mbali, na majamvi mengi, yaani sakafu za zege za chini, yalimwagwa bila nailoni ya kuzuia unyevu, hivyo zege huvuta maji na mvuke wake huisukuma epoksi kutoka upande wa nyuma. Wateja wengi hutaja siku 28 za kukomaa kwa zege kana kwamba ni siku za kukauka, ilhali kipimo hicho kinahusu nguvu ya zege, na unyevu waweza kubaki miezi mingi baadaye. Kipimo rahisi ni karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, inayobandikwa kwa utepe pande zote nne na kuachwa kwa muda usiopungua saa 16; ikifunuliwa, matone chini yake au zege lililogeuka rangi kuwa jeusi humaanisha kwamba kazi isubiri. Mwenye gereji mmoja alikataa kungoja masika yapite, akampa fundi mwingine kazi hiyo, na baada ya muda sakafu ikatoka malengelenge ambayo yalipotobolewa yalitoa maji.

Mwenye gereji anayekusudia kupaka epoksi anaombwa, basi, adai maandalizi yaandikwe katika mkataba kama kazi inayojitegemea, yenye bei na muda wake, na asitoe fedha za kununulia rangi kabla ya kuifunua yeye mwenyewe nailoni iliyolala sakafuni usiku kucha na kukuta zege lililo chini yake ni kavu.