Mdaiwa Si Lazima Mwenye Deni

Mjomba wangu, mkulima wa Kharumwa wilayani Nyang'hwale, alipokea hati ya kuitwa shaurini. Jirani yake alikuwa akimdai fedha za maksai wawili wa plau. Ndani ya hati jina lake liliandikwa "mdaiwa". Mzee akaghadhibika: "Sina deni la mtu! Nikienda nitakuwa nimekiri." Hakwenda.

Shauri likasikilizwa upande mmoja, akashindwa. Ndipo aliponiletea karatasi nimsomee. Nami, ndugu msomaji, niliona haya, kwani hati ya kwanza niliiona mezani nikanyamaza.

Mahakamani mdaiwa ni yule aliyefunguliwa madai tu, deni likiwa bado halijathibitishwa. Kama vile mshtakiwa asivyokuwa mkosaji mpaka atiwe hatiani. Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, lakini Kiswahili hicho kina maana zake. Hata rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku zake 30, wala haimsubiri aliyekasirika.

Tuliomba hukumu itenguliwe. Hakimu alikubali, ila mjomba akaamriwa kumlipa jirani gharama za kufika kwake. Alilipa akinung'unika. Siku ya shauri karani aliita, "Mdaiwa!" Mzee akainuka taratibu, kofia mkononi.

"Nipo."