Safisha picha za watoto kabla simu haijafa

Kwenye msiba, kabla jeneza halijatolewa ndani, kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: nani ana picha yake nzuri? Kwa familia nyingi za Kikristo mkoani Singida, kama kwingine nchini, picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza ikiwa kwenye fremu. Sasa picha yenyewe inatafutwa. Simu zinapekuliwa, kundi la WhatsApp la ukoo linaulizwa, na mwishowe inapatikana moja ya harusi ya mtu mwingine, marehemu amesimama pembeni ameshika sahani ya pilau. Kijana wa stesheneri anamkata humo, anamkuza mpaka uso unakuwa ukungu, anamfuta jirani aliyesimama naye. Wakati mwingine mkono wa jirani hubaki begani.

Watu wazima hilo haliwasumbui sana. Walimjua, wanajazia wenyewe. Anayepungukiwa ni mtoto aliyekuwa na miezi sita mama yake alipofariki. Huyo hana cha kujazia. Siku akianza kuuliza mama alifananaje, jibu lake litakuwa karatasi ile yenye mkono wa mtu begani.

Ajabu ni kwamba hakuna kizazi kilichopigwa picha nyingi kama hiki. Wazazi wao walipigwa chache, lakini zipo. Zamani, mtu wa Iramba au Manyoni aliyetaka picha aliifungia safari. Nguo zilipigwa pasi, mtoto akapakwa mafuta, familia ikasimama mbele ya pazia la studio. Filamu ilikuwa na picha 36 na kila moja ilikuwa fedha, kwa hiyo mpiga picha hakubofya hovyo. Alisogeza kiti, akainua kidevu cha mtu, akangoja. Kisha kukawa na siku za kusubiri picha isafishwe, na ikishatoka iliwekwa ukutani. Picha ambayo haijasafishwa haikuhesabiwa kuwa picha.

Kazi hiyo ina wakubwa zake, na wanaojulikana zaidi Afrika Mashariki walikuwa pwani. Mombasa alikuwepo N.V. Parekh, ambaye studio yake ilihudumia watu wa mji ule kati ya miaka ya 1940 na 1980. Wateja walikuja na mikao waliyoiona kwenye sinema, wapenzi wakatazamana, mashoga wakavaa sare, naye akawapangia taa. Ukizitazama leo utaona kwamba aliyekaa mbele ya kamera alikuwa ameamua aonekane vipi. Hilo ndilo tunalolikosa kwenye picha za simu, ambapo mtoto anapigwa akiwa na uji mdomoni na baba anatokea nusu sikio.

Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993. Yeye ndiye wa kumpenda zaidi, kwa sababu aliichukulia picha kama fundi cherehani anavyokichukulia kitambaa. Alikata, akabandika, akaipiga upya, na mteja akaondoka na uso wake ukichomoza ndani ya ua. Leo programu ya simu inafanya hivyo kwa sekunde mbili na hakuna anayeikumbuka kesho yake. Tofauti ni kwamba ya Bakor ilikuwa karatasi. Mtu aliinunua, akaenda nayo nyumbani, akaitunza.

Na Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, kisha mwanawe Rohit akaiendeleza. Pale kilichokuwa na thamani kuliko picha ni negativu. Ukiwa nayo, picha ya ukutani ikiliwa na mchwa unasafisha nyingine. Mzazi wa leo negativu yake imo ndani ya simu, na simu huanguka kwenye ndoo ya maji.

Wahudumu wa afya wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Uganda, katika miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hazijawafikia watu wengi, kina mama wanaoishi na virusi waliojiunga katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Waliandika walikozaliwa, ukoo wao, chakula alichopenda mtoto, na wakabandika picha. Hawakufanya hivyo kwa kukata tamaa. Walikuwa wanafanya kazi ya mzazi mapema. Wengine baadaye walipata dawa wakaendelea kuishi, na kitabu kikabaki cha kusoma pamoja na mtoto.

Hakuna haja ya kungoja ugonjwa. Kila mwaka chagua picha chache, si mia mbili: mtoto peke yake, mtoto na mama, mtoto na baba, mtoto na bibi au babu. Zipigwe mchana, kivulini karibu na mlango, nyuso zikielekea mwanga. Yenye masikio ya sungura iache. Miaka 20 ijayo haitamsaidia mtu. Unapoipeleka stesheneri usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa ikapoteza ubora. Itume kama dokumenti. Omba karatasi ya picha, si ile ya kutolea nakala za barua.

Ukiitundika, chagua ukuta usiopigwa na jua, la sivyo rangi itapauka. Na kwa vumbi linaloletwa na upepo wa Singida, fremu yenye kioo si anasa. Nakala ya pili iweke kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, vitu ambavyo hata moto ukiwaka mtu huvikimbilia.

Kisha geuza picha uandike nyuma, kwa mkono mwepesi kalamu isije ikatokeza mbele: jina la mtoto, jina la aliyembeba, mahali, mwaka. Usiandike "bibi" peke yake. Kila mtoto ana bibi wawili.