Mkono wa Sweta na Mkono wa Mtoto

Karatasi ya mfano wa kufumia ni msaada mkubwa. Huokoa wakati, huzuia kupoteza uzi, na mama asiye na mwalimu karibu aweza kujifunza kwayo. Lakini karatasi haijamwona mtoto wako. Iliandikwa kwa ajili ya mtoto wa kufikiriwa tu, mwenye kifua cha kadiri, shingo ya kadiri, na mikono miwili iliyo sawasawa. Mtoto wa nyumbani ana mwili wake mwenyewe. Ndiyo sababu twataka kuwaeleza wamama, na wasichana wanaojifunza kazi ya sindano, jinsi tulivyofuma sweta ya mjukuu wetu na jinsi tulivyobadili mfano kwa ajili yake.

Sisi twakaa Bukavu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za kiangazi, upepo wa ziwa Kivu ukivuma, watoto hutetemeka njiani kwenda shuleni. Kwetu sweta si pambo. Mjukuu wetu, msichana wa miaka 5, alizaliwa na mkono wa kushoto ulio mfupi: waishia upana wa vidole vinne chini ya kiwiko. Kila sweta inayonunuliwa sokoni humsumbua. Mkono wa kushoto wa nguo huning'inia mtupu, hulowa katika sahani, hunaswa mlangoni, na wenzake huuvuta kwa mchezo. Ukikunjwa, baada ya muda kidogo umekunjuka tena.

Basi tuliamua kufuma kuanzia shingoni na kushuka chini. Mifano mingi huanza kwenye pindo: mgongo peke yake, kifua peke yake, mikono peke yake, kisha vipande vyote hushonwa pamoja. Nguo ya namna hiyo haijulikani kama yafaa mpaka imekwisha. Lakini nguo inayoanza shingoni yaweza kujaribiwa mwilini wakati wowote, nayo ingali kwenye sindano. Mwaka 1972 Barbara Walker, mfumaji wa Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya njia hii.

Hesabu yake si ngumu. Kwanza tulifuma kipande kidogo cha kujaribia, tukakipima: vitanzi 20 vyatoa sentimita 10. Kifua cha mtoto kilikuwa sentimita 58. Tukaongeza sentimita 6 ili apumue vizuri na kuvaa shati ndani. Jumla ni sentimita 64, yaani vitanzi 128. Kwa shingo tukatwaa nusu yake, vitanzi 64, tukavianza kwa kulegeza uzi ili kichwa kipite. Baada ya ukingo wa shingo tukavigawa: 26 vya mgongo, 26 vya kifua, na 6 vya kila bega, tukiweka alama ya uzi mwekundu penye mipaka yote minne. Kila mzunguko wa pili tuliongeza kitanzi kimoja upande huu na upande huu wa kila alama, ndiyo kusema vitanzi 8. Tulipokwisha kufanya hivyo mara 16, mgongo ulikuwa na vitanzi 58, kifua 58, na kila mkono 38. Tukafuma mizunguko michache bila kuongeza, mpaka kazi ikafika kwapani. Hapo vitanzi vya mikono tulivitia katika uzi wa kando vingoje. Tukaongeza vitanzi 6 chini ya kila kwapa, na kiwiliwili kikapata vitanzi vyake 128. Kila mkono, pamoja na vile 6 vya kwapani, ukawa na 44.

Badiliko la kwanza lilikuwa shingoni. Karatasi ilifanya mbele na nyuma kuwa sawa, na nguo ya namna hiyo humbana mtoto kooni. Sisi tulifuma safu fupi chache za kwenda na kurudi nyuma ya shingo tu, ili upande wa mgongo upande juu kidogo na koo liwe huru.

Badiliko la pili lilikuwa mkono wa kushoto, na hapo pakawa na maneno. Shangazi yake mtoto alitusihi tuufume mrefu sawa na wa kuume, tuujaze vitambaa ndani, ili mtoto akipita watu wasimkazie macho. Hakusema kwa ubaya. Macho ya watu huumiza, naye hakutaka mtoto aumizwe. Wala hatukuyadharau maneno yake.

Lakini tuliona yafaa kwanza tumwangalie mtoto mwenyewe katika kazi zake. Kikombe hukishika kati ya mkono ule na kifua. Daftari huligandamiza kwa ncha ya mkono, huku akiandika kwa mkono wa kuume. Ngozi ya ncha ile huhisi moto na baridi, laini na mparuzo, kama vidole vyetu vinavyohisi. Kuifunika siku nzima kungekuwa kumnyima mkono alio nao, kwa ajili ya mkono asio nao.

Basi tulifuma polepole, tukimvika kila jioni. Kazi ilipofika sentimita 15 kutoka kwapani, alichukua daftari lake, akaligandamiza mezani, akajaribu kuandika. Akasema: "Nyanya, hapo tu." Tukaishia pale. Tulikuwa tumepunguza vitanzi kidogo kidogo kutoka 44 hata 30, na mwisho tukaweka ukingo wa kunyumbuka, wenye kushika ngozi bila kuibana, ili nguo isipande wala isishuke. Mkono wa kuume ulipata sentimita 27, na vitanzi 32 kwenye kifundo. Kwa asubuhi za baridi kali tulimfumia kifuko kidogo mfano wa soksi, ambacho hukivaa na kukivua mwenyewe.

Mfumo huu wenye mistari inayoshuka kwa mshazari kutoka shingoni mpaka kwapani huitwa raglani, kwa jina la Lord Raglan, askari wa Uingereza. Mtu huyo alipoteza mkono wake wa kuume kwa jeraha la vita vya Waterloo, katika nchi ya Ubelgiji, mwaka 1815. Hakuacha kazi, miaka mingi baadaye aliongoza jeshi la nchi yake katika vita vya Crimea. Husemwa kwamba koti lake lilikatwa hivyo ili alivae kwa urahisi. Tulipomsimulia mjukuu wetu habari hiyo, aliuliza swali moja tu: koti lile lilikuwa la rangi gani?

Shangazi yake angali akisema kwamba siku za karamu yafaa mkono ufichwe. Hatugombani naye. Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Tena mtoto atakua, na siku moja atachagua mwenyewe la kuficha na la kuonyesha. Kwa sasa anakwenda shuleni na sweta yake, na mkono wa nguo haumpigi tena usoni akikimbia.

Kuna faida moja zaidi ya kuanza juu. Mtoto akirefuka, pindo la chini hufumuliwa kwa urahisi, kwa sababu ndipo kazi ilipoishia. Vitanzi hurudishwa kwenye sindano, na nguo huongezwa kadiri ya haja. Mikono nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo tumeweka akiba kibonge kimoja cha uzi ule ule.

Wamama wapenzi, karatasi ishikeni, maana hesabu zake zina maana. Lakini mpimeni mtoto kabla ya kuanza, mvikeni kazi ingali kwenye sindano, na mwulizeni. Mkibadili jambo, liandikeni pembeni mwa karatasi pamoja na hesabu yake. Sisi tumeandika hivi: mkono wa kushoto, sentimita 15, vitanzi 30. Pengine karatasi hiyo itafika siku moja mikononi mwa mama mwingine mwenye mtoto kama wetu, naye ataikuta njia imekwisha pimwa.