Pikipiki ya Baba, Pikipiki ya Hesabu

Baba alikuwa bwana mifugo Mpwapwa, na kazi yake ilikuwa kufika ambako gari halifiki. Kibakwe, Rudi na vijiji vya ng'ambo ya makorongo alivizungukia kwa Honda CG125 aliyoinunua kwa mtu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyakati hizo sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Plagi mpya haikupatikana hata kwa mwenye fedha zake mkononi. Ndiyo maana asubuhi ya Jumapili gunia lilitandikwa chini ya mkwaju, pikipiki ikasimamishwa juu yake, na mimi, kifungua mimba wake, nikapewa kopo la mafuta ya taa na mswaki mkuukuu.

Tapeti zilitangulia, kabla hata ya chai, kwa sababu hupimwa injini ikiwa imepoa. Chuma kikipata moto hutanuka na kipimo kikadanganya. Nafasi iliyotakiwa ilikuwa milimita 0.08, wembamba wa karatasi. Ikibanwa mno, vali haifungi sawasawa na mwisho huungua. Ikiachwa pana, injini inagonga. Baba alikuwa na geji yake, akaipitisha taratibu, kisha akanipa nami niipitishe, nijue kwa vidole mkwaruzo unaofaa ukoje. Baada ya hapo plagi. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ilimfurahisha. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli inazidi au hewa imezibwa. Ikiwa nyeupe, injini inachemka au petroli haitoshi. Tuliisugua, tukarudisha mwanya wake kwenye milimita 0.6 au 0.7, ikaendelea na kazi miezi na miezi.

"Sikia kwanza, mwanangu, ndipo ufungue," alikuwa akiniambia, naye ameinama sikio likielekea injini.

"Naam, baba."

Oili iliyotolewa haikumwagwa. Nyingine ilipakwa kwenye cheni, na iliyobaki ikapakwa kwenye nguzo za zizi kuzuia mchwa.

Nilipokuwa mtu mzima nilijifunza kwamba Honda hiyo haikuvumilia taabu kwa bahati. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na wahandisi wake waliziwazia hasa nchi ambazo mzigo hupakiwa kupita kiasi na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Hawakuiwekea cheni ndani ya injini ya kuendesha vali. Waliweka fimbo za kuzisukuma, ambazo hazihitaji kuangaliwa mara kwa mara. Hata chujio la oili lilikuwa la wavu, unaliosha na kulirudisha. Mtu aliyekaa mezani huko Japani alimfikiria mtu kama baba yangu, na hilo hadi leo linanigusa.

Rais Mwinyi akaingia madarakani, biashara ikafunguliwa, plagi zikarudi madukani. Bado Jumapili zetu hazikubadilika sana. Mabadiliko yenyewe yalikuja mwishoni mwa miaka ya 2000. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na huku kwetu nako pikipiki za China na India zilijaa barabarani, bodaboda ikawa ajira ya vijana. Niliponunua yangu ya Kichina hapa Dodoma na kufungua kifuniko cha tapeti, nilikuta injini ninayoijua: nakala ya CG ya baba, karibu kila nati mahali pake.

Watu husema tuliacha kutengeneza wenyewe kwa uvivu. Mimi nasema ni wingi wa vipuri. Kipuri kilipokuwa adimu, tulikitafutia uhai. Kilipoanza kuning'inia kwenye kila kibanda kwa bei ya chini, kikawa cha kutupwa. Jeti ya kabureta ikizibwa na punje ya mchanga, kabureta nzima inabadilishwa. Simlaumu fundi wa kijiweni; analipwa kwa haraka yake, na mteja amesimama pembeni anahesabu abiria anaowakosa. Kisha iko hesabu yenyewe. Kijana anaendesha pikipiki ya mtu, jioni lazima apeleke fedha ya siku. Atailaza pikipiki saa ngapi ili apime tapeti za chombo kisicho chake?

Nililiona hilo kwa mtoto wa mdogo wangu. Alipokuwa wa hesabu, sikuwahi kumwona ameshika spana. Alipopata pikipiki ya mkataba, ambayo akimaliza kulipa inakuwa yake, ndipo alipokuja uani kwangu.

"Shikamoo, mama mkubwa. Chombo hakina nguvu, fundi kasema tubadilishe kabureta."

"Marahaba. Fungua plagi kwanza, tuione."

Ilikuwa nyeusi tii. Chujio la hewa lilikuwa limeshiba vumbi la Dodoma, halipitishi kitu. Tuliliosha kwa sabuni, likakauka juani, kabureta ikabaki ile ile. Baadaye klachi ikaanza kuteleza. Nilimuuliza anaweka oili gani, akanionyesha ya gari. Kwenye pikipiki nyingi oili moja inalainisha injini na gia, na klachi nayo inaogelea humo humo. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Nilimwonyesha maandishi ya kutafuta kwenye kopo: JASO MA. Siku hizi huja na wenzake, na ua wangu Jumapili una kelele za kupendeza.

Mmoja wao aliniuliza kuhusu pikipiki za umeme. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinatakiwa ziwe za umeme. Betri ikiisha, dereva anaibadilisha kituoni. Hakuna plagi, hakuna tapeti, hakuna oili ya injini. Nazipenda kwa kuwa hazina moshi, ambao vijana hawa wanauvuta kutwa nzima. Lakini breki, tairi na beringi bado zitalika, na mwenye pikipiki ataweza kuzishughulikia nyumbani. Kinachonitia wasiwasi ni betri isiyo yake na kompyuta ambayo kampuni pekee ndiyo inayoifungua. Anayezileta hapa atuletee na kitabu cha matengenezo kwa Kiswahili, na auze vipuri kwa yeyote anayetaka. Nimewaambia vijana walipeleke dai hilo kwenye chama chao cha bodaboda sasa, kabla mikataba ya pikipiki hizo haijaanza kusainiwa.