Hapa, Hapo na Pale katika Mji wa Gharnata

Mji wa Granada, ambao Waarabu waliuita Gharnata, uko kusini ya Hispania, chini ya milima mirefu iitwayo Sierra Nevada. Tulifika huko Alhamisi jioni, sisi na mzee wetu mmoja ambaye miguu yake haina nguvu nyingi, na nia yetu ilikuwa kusali Ijumaa katika msikiti uliofunguliwa mwaka wa 2003 katika mtaa wa Albaicín. Wasomaji wetu watakumbuka ya kwamba mji huo ulitoka mikononi mwa Waislamu tarehe 2 Januari 1492. Basi ilipita miaka mia tano na zaidi hata ukasimama mtaani humo msikiti mpya kama huu. Kisheria msafiri hakulazimishwa Ijumaa, walakini nani angefika Gharnata siku hiyo akabaki hotelini?

Kihispania chetu chote kilikuwa katika karatasi moja. Tuliandika humo maneno ya kuulizia njia: cerca, karibu, lejos, mbali, enfrente, mkabala, detrás, nyuma, arriba, juu, abajo, chini, na al lado de, yaani ubavuni pa kitu. Tuliyahifadhi usiku ule kama watoto wa chuoni, tukalala tukijiona tumekwisha kuwa wenyeji.

Ijumaa, jua lilipokaribia kupinduka, tulikuwa katika uwanja uitwao Plaza Nueva, ambapo ndipo chini ya kilima cha Albaicín. Tukamwuliza bwana mmoja muuza matunda. Akajibu kwa uchangamfu kwamba msikiti uko a dos pasos, maana yake hatua mbili. Mzee wetu alifurahi sana. Hatua mbili hizo zilikuwa mwendo wa karibu nusu saa, tena wote ni cuesta arriba, yaani mpando mtupu wa mawe. Hatukuweza kumlaumu bwana yule, kwa kuwa kwetu pia mtu huambiwa "hapo tu," akaenda hata viatu vikamtoboka.

Katikati ya mpando tulimkuta kijana mmoja ameegemea ukuta. Tukamwuliza naye. Alisema maneno machache tu: "Al lado de San Nicolás." Sasa, San Nicolás ni kanisa, na jina lake tulikuwa tumeliona katika ramani. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Mmoja wetu akasema, "Huyu ama hakutufahamu, ama atutania, sisi twamwuliza msikiti, naye atupeleka kanisani." Tukamshukuru kwa ulimi tu, tukageuka kushoto.

Vichochoro vya Albaicín ni vyembamba, na nyumba zake nyeupe zimebanana hata hapapiti kitu baina yake. Wenyeji husema nyumba hizo ni pegadas, zimegandishwa, kama barua na stempu. Neno hilo hilo hulitumia kwa mtoto asiyebanduka kwa mama yake. Tulizunguka humo, tukapanda, tukashuka, tukarudi penye birika ya maji tuliyokwisha kuiona. Jua lilikuwa limepinduka. Mzee wetu akaketi juu ya kizingiti cha nyumba ya watu, akasema, "Wanangu, nendeni. Msiikose Ijumaa kwa ajili yangu." Tukamjibu, "Hatuendi bila yako, Maalim." Lakini wapi pa kwenda hatukupajua.

Mlango wa nyumba ile ukafunguka, akatoka bibi mmoja mtu mzima, ana kikapu mkononi. Tulisimama kwa aibu. Tukamwonyesha karatasi yetu, tukauliza, "Mezquita, ¿aquí?" Akatikisa kichwa: aquí, sivyo, allí, akanyoosha mkono juu ya mapaa.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili lilitupendeza. Waingereza wanatumia maneno mawili tu, la hapa na la kule. Mhispania anayo matatu, nayo yanakaribiana sana na yetu: aquí ni hapa nilipo mimi, ahí ni hapo ulipo wewe, au pasipo mbali, na allí ni pale, mbali nasi sote. Mswahili hana haja ya kufundishwa hayo kwa taabu, kwani amekwisha kuyanyonya kwa mama yake.

Kisha bibi yule akasema, "Junto a la iglesia," naye akaweka kikapu chini, akakutanisha viganja vyake viwili. Asili ya neno junto ni kuungana. Kanisa kiganja kimoja, msikiti kiganja cha pili. Ndipo tulipoyafahamu maneno ya yule kijana, na nyuso zetu zikaona haya.

Bibi hakutuacha. Alimshika mzee wetu mkono, akatuambia kwamba atatufikisha hasta la puerta, hata mlangoni. Wasomaji walitazame vizuri neno hilo. Wataalamu wa Kihispania wenyewe wakiri kwamba hasta imetokana na hatta ya Kiarabu, iliyobaki katika vinywa vya watu wa Andalusi. Nayo ndiyo hata yetu, ya toka asubuhi hata jioni, iliyotufikia kwa njia ya bahari nyingine kabisa. Na kila mtoto aliyehifadhi Sura ya al-Qadr ameisoma katika aya yake ya mwisho. Bibi yule alilitamka pasipo kujua kwamba amesema neno la kwetu, na sisi hatukuwa na Kihispania cha kumweleza.

Tukatokea juu ya uwanja. Kanisa la San Nicolás lilikuwa pale, na msikiti ubavuni pake, na mnara wake mweupe. Mkabala, ng'ambo ya bonde la mto Darro, kasri ya Alhambra ilionekana nzima, nyekundu katika jua. Bibi akatuaga mlangoni, akarudi kufuata kikapu chake alichokisahau kizingitini.

Khatibu alikuwa juu ya mimbari. Tulisali rakaa mbili nyepesi nyuma ya watu, tukatafuta pa kuketi, wala hapakuwa na nafasi. Wahispania husema codo con codo, kiwiko kwa kiwiko, pale tusemapo sisi bega kwa bega, na safu zile zilikuwa hivyo. Mtu mmoja mwenye ndevu nyeupe akamwona mzee wetu amesimama. Hakusema neno, kwa sababu ya hotuba. Alijisogeza, akapapasa zulia ubavuni mwake.

Baada ya sala tulishuka kwa njia ile ile aliyotuonyesha kijana, tukimtafuta tumwombe radhi. Tulikwenda hata Plaza Nueva, hatukumwona.