Shamba Lenye Jina: Siku Tatu Bourgogne

Leo naweka kompyuta kando kidogo. Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Paris, na mikutano ilipokwisha nilibaki na siku tatu za likizo. Wenzangu walikwenda kuona mnara wa Eiffel. Mimi nilipanda treni ya kasi hadi Dijon, mwendo wa kama saa moja na nusu, kisha treni ya kawaida hadi Beaune, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu ya Bourgogne.

Hoteli za ndani ya kuta za mji zilinishinda bei, basi nikalala nyumbani kwa mama mmoja anayekodisha vyumba viwili. Asubuhi unapewa mkate, siagi, jemu na kahawa. Onyo kwako ukienda: sehemu nyingi za kula hufunga jikoni mnamo saa nane mchana na hazifungui tena mpaka saa moja jioni. Siku ya kwanza nilishindia biskuti! Usiku nikalipiza kisasi kwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo mwekundu. Jibini la Époisses linanuka kama soksi za mchezaji, lakini likipakwa kwenye mkate ni tamu ajabu. Konokono niliwaangalia tu.

Beaune usikose Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443, yenye paa la vigae vya rangi. Wagonjwa walihamishiwa hospitali mpya mwaka 1971, na jengo sasa ni makumbusho. Kwa karne nyingi watu waliiachia hospitali hiyo mashamba ya mizabibu, na mvinyo wake huuzwa kwa mnada wa Novemba, desturi iliyoanza mwaka 1859.

Siku ya pili nilikodi baiskeli nikafuata njia ya mashambani kupitia Pommard, Volnay na Meursault. Hapo ndipo akili yangu ya programu ilipoamka. Bourgogne hutumia hasa zabibu za aina mbili, Pinot Noir kwa mvinyo mwekundu na Chardonnay kwa mweupe. Lakini mteremko wote umegawanywa vipande vinavyoitwa climats, 1,247 kwa jumla, na kila kimoja kina jina lake. UNESCO iliviingiza katika urithi wa dunia mwaka 2015. Kuna madaraja manne: mvinyo wa mkoa, wa kijiji, Premier Cru, na juu kabisa Grand Cru. Ukivuka kijia tu, udongo na mteremko vinabadilika, daraja linabadilika, na bei inaruka.

Nikirudi Dijon nilipitia Clos de Vougeot, shamba lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux. Lina kama hekta 50, yaani ekari 125 hivi. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa watawa walinyang'anywa, na sheria ya mwaka 1804 ikataka watoto warithi sawa, wa kike kwa wa kiume. Leo wenye shamba hilo ni kama 80. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu! Hata hivyo kila mmoja huandika Clos de Vougeot kwenye chupa yake.

Wanaotengeneza hifadhidata watanielewa. Kitambulisho cha kitu hakifai kumtegemea mwenye kitu. Ukitumia jina la mmiliki, siku akifariki rekodi zote zinavurugika. Pale jina limefungwa kwenye udongo, wamiliki wanakuja na kuondoka.

Nayaandika haya kwa sababu kwetu Nyeri tunabishana. Baba alituachia ekari mbili za kahawa, nasi tuko wanne. Kaka mkubwa anataka tugawe, kila mtu apande anachotaka, na anasema dada tayari ameolewa. Tukigawa, nambari ya shamba itafungwa na zitatoka nambari nne mpya. Kahawa yenyewe tunaipeleka kiwanda cha ushirika, inachanganywa na ya majirani, na hakuna mnywaji atakayejua kwamba mteremko ule wa baba upo duniani.

Nimewaandikia ndugu zangu hivi: kugawa si tatizo, Wafaransa wamegawa miaka 200. Dada apate sawa na sisi. Lakini mipaka ya kahawa ibaki, tupime udongo, tuandike miti ipi ilipandwa lini, na shamba zima lipewe jina moja ambalo hakuna atakayeruhusiwa kulibadilisha.

Dada amekubali. Kaka bado hajajibu. Je, wewe msomaji, shamba la kwenu lina jina, au lina nambari tu?